Kuijengea biashara mpya utambulisho wake, kuanzia jina hadi lebo

Ukiitandaza kanga ya Mombasa ukaangalia karibu na pindo, huenda ukakuta maandishi madogo: K.H.E. – MALI YA ABDULLA. Hiyo ni chapa ya Kaderdina Hajee Essak, wauza kanga walioanza kazi Mombasa mwaka 1887. Pale hakuna mchoro wa kustaajabisha, ni herufi tatu na maneno matatu basi. Lakini wapo akina mama wanaoyatafuta maandishi hayo kabla hawajauliza bei, kwa kuwa wanaiamini kanga inayoyabeba. Yamekaa kwa namna ileile kizazi baada ya kizazi, na bidhaa haikuyasuta.

Biashara mpya inahitaji kitu cha namna hiyo: alama chache zinazojirudia bila kubadilika mpaka mteja azizoee. Wengi wetu tunaanzia kwingine. Tunampigia kijana wa grafiki, tunamwambia atutengenezee nembo, tunalipa, tunaiweka WhatsApp. Miezi michache baadaye bango lina rangi moja na lebo ina nyingine, ukurasa wa Instagram una jina lake, na mteja akilipa kwa simu linamtokea jina la shemeji. Kila kimoja peke yake huenda kinapendeza, ila mteja hana njia ya kujua kwamba vyote ni vya mtu mmoja.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme kuna mfanyabiashara wa Tanga mjini anayenunua iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa wakulima wa Amani, wilayani Muheza, anasaga na kufungasha katika pakiti za gramu 50 na 100. Ofisi na sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara, na pale Zanzibar au Kenya zinapotofautiana nitasema. Anayeuza sabuni au nguo atabadilisha maneno tu, hatua zinabaki zilezile.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Kabla ya kuchora chochote, jaza nafasi hizi: tunamuuzia nani, tunamuuzia nini, na anatuchagua sisi kwa sababu gani. Sehemu mbili za kwanza ni rahisi. Ya tatu ndiyo inayosumbua, na ndiyo itakayobeba kazi yote iliyobaki. "Ubora na bei nafuu" haitoshi, maana hata jirani yako anasema hivyohivyo. Tafuta jambo ambalo mteja anaweza kulihakiki kwa macho yake.

Muuza viungo wetu anajua kwamba viungo vikishasagwa, mafuta yanayobeba harufu yake huanza kuruka, na kadiri pakiti inavyokaa ndivyo pilau inavyokosa harufu. Kwa hiyo anaandika: "Tunawauzia watu wa mjini wanaopika pilau na chai ya viungo, viungo vilivyosagwa karibuni, na wanatuchagua kwa sababu tarehe ya kusagwa imeandikwa kubwa mbele ya pakiti." Sentensi hiyo tayari imeanza kuichora lebo, na mbunifu hajapigiwa simu bado.

Halafu nenda mahali bidhaa itakapouzwa. Kwa huyu wa Tanga ni Soko la Mgandini, supamaketi moja au mbili, na zaidi ya yote duka la Mangi la mtaani. Simama mbele ya duka hilo uangalie biashara inavyokwenda. Mteja yuko nje ya nondo, bidhaa ziko rafuni ndani, mita mbili au tatu kutoka machoni pake, na hawezi kugusa kitu. Lazima aombe kwa mdomo. Sikiliza anavyoomba. Wengine hutaja jina, wengine husema "nipe ile nyekundu", au "ile yenye picha ya sahani". Omba ruhusa upige picha ya rafu, kisha nyumbani uitazame picha hiyo ikiwa ndogo kwenye simu. Pakiti zitakazokuwa zimeyeyuka na kuwa kitu kimoja ndizo hupaswi kufanana nazo. Kwenye rafu ya viungo mara nyingi utaona nyekundu, kijani na picha ya sahani ya chakula, zikirudiwa kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Hatua ya 2: Jina

Hapa usiwe na haraka. Rangi unaweza kuirekebisha kwenye oda ijayo ya lebo, lakini jina likishasambaa ni ghali kulitoa. Kampuni za simu zimebadili majina na rangi mbele ya macho yetu: Celtel ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, Vodacom ikahama kutoka bluu kwenda nyekundu mwaka 2011, Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Zilikuwa na fedha za kupaka upya vibanda nchi nzima na kuimba jina jipya redioni mchana kutwa. Biashara ya mtaji mdogo haina uwezo huo, kwa hiyo ichague jina ambalo itaishi nalo.

Jina zuri kwa mazingira yetu linasikika mara moja kwenye simu yenye kelele na linaandikika bila kuuliza. Ukiwa na jina lenye r na l karibu karibu, kumbuka kwamba wateja wengi huzibadilishana herufi hizo kutokana na lugha zao za nyumbani, na watakutafuta mtandaoni kwa tahajia ambayo si yako. Jina lenye ng' lina shida nyingine: anwani ya tovuti na jina la Instagram havipokei alama ile, hivyo "Ng'ara" itageuka "Ngara", na Ngara ni wilaya ya Kagera na pia mtaa wa Nairobi. Majina ya Kiingereza yenye th, gh au herufi zisizotamkwa huwatesa wateja bure.

Kuna majina yanayokuja haraka ambayo ningekushauri uyapite. La kwanza ni lile linaloeleza bidhaa tu: "Viungo Bora", "Tanga Spices". Mteja analielewa, lakini halitofautiani na la mwingine, na ukienda kuliandikisha kama alama ya biashara kuna uwezekano mkubwa likakataliwa, kwa kuwa maneno ya kueleza bidhaa, sifa yake au mahali inapotoka hayawezi kuhodhiwa na mtu mmoja. Jina la aina ya "Mama Fulani" nalo ni la kufikiria. Lina nguvu kubwa sana ya kuaminika, hasa kwenye chakula, na kama wewe mwenyewe ndiwe utakayesimama na kuuza kwa miaka mingi ijayo, lichukue kwa moyo mkunjufu. Kama unatarajia kuingiza wabia au kuiuza biashara siku moja, fikiria tena.

Yanayofaa zaidi ni yale yanayogusa bidhaa kwa pembeni. Kwa mfano wetu nimetunga jina Mekoni. Lina herufi sita, halina r wala l, kila anayejua Kiswahili anaweza kuliandika, na linamweka mteja karibu na moto na sufuria bila kutaja kiungo hata kimoja. Kesho akiongeza mchuzi wa nazi wa pakiti au chachandu, jina halitambana. Bakhresa walifanya hivyo kwa ukubwa: jina Azam limekaa kwenye unga, juisi, aiskrimu, boti za Zanzibar na televisheni, na hakuna panapokuwa pageni kwake, kwa sababu halikuanza kwa kutaja bidhaa moja.

Ukiwa na majina matatu au manne, yapime kwa simu. Wapigie watu ambao hawajui mpango wako, watajie jina mara moja, kisha uwaombe wakuandikie kwa ujumbe. Linalorudi limeandikwa sawasawa na wengi ndilo la kusonga nalo. Usiwaulize kama wanalipenda. Jamaa zako watakwambia wanalipenda.

Hatua ya 3: Lifunge jina kabla ya kulipia nembo

Tafuta jina hilo kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye Instagram, Facebook na TikTok, na kwenye anwani za .co.tz. Kenya utatafuta kupitia eCitizen na kwenye .co.ke. Likiwa wazi kote, kamata kurasa zote siku hiyohiyo hata kama hutazitumia mwaka huu, na kwa tahajia moja. Likiwa limeshachukuliwa na mtu anayeuza kitu kama chako, liache, hata kama ukurasa wake umelala.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha kwamba wewe ndiwe unayefanya biashara kwa jina lile. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiuze bidhaa za aina yako kwa jina au nembo inayofanana na yako, nayo huombwa kwa maombi yake yenyewe. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Viungo, chai, kahawa, unga na asali viko daraja la 30. Sabuni na vipodozi ni la 3, nguo la 25, mgahawa la 43, saluni la 44. Unaomba kwa daraja unalofanyia kazi. Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulitoa. Tanzania Bara usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo, na ofisi ni KIPI. Zanzibar ina sheria na ofisi yake, BPRA, kwa hiyo cheti cha Dar es Salaam hakikulindi Darajani. Anayevusha bidhaa kwa boti aandikishe pande zote mbili.

Katika hatua hiihii fungua lipa namba kwa jina la biashara. Watu hulisahau hili, na mimi naliona kubwa kuliko bango. Fikiria mteja wa mara ya kwanza aliyeona tangazo lako, amependa, ameingiza namba na kiasi. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Akiona MEKONI, anabonyeza. Akiona jina la mtu asiyemjua, anasita, na wengine huacha hapohapo kwa hofu ya kutapeliwa. Kenya ni vivyo hivyo kwenye Till. Dakika hiyo utambulisho wako wote uko kwenye mstari mmoja wa maandishi, na hakuna nembo ya kuuokoa.

Hatua ya 4: Amua unavyoongea

Chapa ina sauti. Chagua utamwitaje mteja, utamsalimuje, na utamjibu nini akiuliza bei. Mwingine humwita kila mtu "mpenzi", mwingine "mteja wetu", mwingine huanza na "Habari za asubuhi". Kila moja inafaa mahali pake, ila isiwe leo hivi kesho vile kutegemea nani kashika simu. Andika majibu matano ya maswali yanayojirudia (bei, mahali ulipo, usafirishaji, ukubwa wa pakiti, malalamiko) uyaweke kwenye WhatsApp Business ili kila anayejibu aanzie pamoja.

Na bei iweke wazi. Kumwambia mteja "njoo inbox" wakati ameuliza bei hadharani kunamfanya ahisi bei inapangwa kwa kumtazama usoni. Kama sentensi yako ya hatua ya kwanza inahusu uaminifu, huwezi kuficha bei ukabaki na maana.

Kaulimbiu si lazima. Ukiitaka, iwe fupi na iseme jambo la kweli linalohakikika. Mekoni inaweza kuandika "Angalia tarehe ya kusagwa". Hiyo inamwelekeza mteja kwenye jambo ambalo wengine hawalionyeshi.

Hatua ya 5: Rangi

Chagua mbili, moja ya kutawala na moja ya kusaidia, pamoja na nyeupe au krimu ya kupumzishia macho. Rudi kwenye ile picha ya rafu: rangi inayotawala iwe ile ambayo rafu haina. Kwa Mekoni ningechukua kahawia nzito kama ganda la mdalasini, krimu kwa maandishi, na njano kidogo tu kwenye kisanduku cha tarehe.

Rangi kwetu zina wenyewe. Kijani na njano zikikaa pamoja Tanzania, mtu anaona CCM au Yanga; nyekundu na nyeupe, anaona Simba. Kenya, chungwa inamkumbusha mtu chama cha ODM na njano chama cha UDA. Si kwamba rangi hizi ni haramu. Ni kwamba msimu wa uchaguzi au siku ya mechi ya watani, duka lako linaweza kusomwa kwa namna ambayo hukukusudia. Ukizitumia, zitenganishe na uzichanganye na nyingine.

Fikiria na jua. Wino wa nyekundu na wa njano hupauka mapema kuliko wa bluu na mweusi, na ndiyo maana stika nyekundu iliyobandikwa ukutani upande wa magharibi hugeuka waridi hafifu. Kama chapa yako itaishi kwenye kibanda, bajaji au mwamvuli, rangi ya kutawala iwe inayovumilia, au panga bajeti ya kubandika upya.

Halafu andika rangi kwa namba. Skrini huchanganya mwanga na mashine ya uchapaji huchanganya wino, kwa hiyo rangi unayoiona kwenye simu haitatoka vilevile kwenye karatasi. Mbunifu akupe namba za aina zote mbili. Kahawia ya Mekoni, kwa mfano, inaweza kuwa C0 M60 Y80 K70 kwa mchapaji na #4D1F0F kwa skrini. Ukishakuwa na namba hizo, mchapaji wa Kariakoo na wa Tanga watakutolea kitu kinachokaribiana, na ukimwambia tu "kahawia iliyokolea" kila mmoja atakupa ya kwake. Hata hivyo, usikubali oda kubwa bila kuona kipande kimoja kilichochapwa kwenye karatasi au plastiki itakayotumika. Kiangalie nje, juani.

Hatua ya 6: Herufi

Mwandiko mmoja kwa jina na mmoja kwa maelezo vinatosha. Maneno yetu ni marefu, "imetengenezwa" peke yake ni herufi kumi na tatu, hivyo mwandiko wa maelezo uwe mwembamba kidogo ili usikatekate maneno kwenye lebo ndogo. Miandiko iliyoko Google Fonts inaruhusiwa kutumika kibiashara bila malipo. Epuka miandiko ya kuringa yenye mikia kwa jina: kwenye bango inayoonwa kutoka kwenye daladala, haisomeki.

Hatua ya 7: Nembo

Sasa ndiyo mwite mbunifu. Mpe karatasi, usimpe maelezo ya mdomo. Iwe na ile sentensi ya hatua ya kwanza, jina kwa tahajia yake kamili, picha za rafu, rangi ulizozichagua na sababu zake, mahali nembo itakapokaa, na bajeti. Taja pia mara ngapi anaweza kurudia marekebisho, ili msije mkagombana. Msimwagizie nembo "kama ya" kampuni fulani.

Akikuletea michoro, ipime hivi. Iombe kwa rangi moja nyeusi. Ichapishe ikiwa na upana wa sentimita mbili. Kisha ujiulize kama fundi mihuri anaweza kuichonga ikatoka safi. Naamini mtihani wa mhuri unazidi maoni ya wataalamu wengi, kwa kuwa nembo yako itaishi hasa sehemu duni: kwenye mhuri wa ankara, boksi la katoni lenye wino mmoja, fulana iliyodariziwa, na kiduara cha picha ya WhatsApp chenye ukubwa wa kucha. Nembo yenye vivuli, mng'aro na mistari myembamba hufia huko. Jina lililoandikwa vizuri, na herufi moja iliyopewa umbo lake, mara nyingi latosha. Kwa Mekoni, herufi ya O inaweza kuwa sufuria inayotazamwa kutoka juu, duara ndani ya duara, na duara hilo peke yake likawa picha ya wasifu.

Wakati wa kukabidhiana, hakikisha unapata faili za vekta, zinazokuzwa bila kupasuka (AI, EPS au SVG), PDF ya uchapaji, na PNG isiyo na usuli. Picha ya JPG iliyotumwa WhatsApp si nembo. Ukiikuza kwa bango itatoka imepasuka, na fundi atalazimika kuichora upya kwa kukisia. Na mwandikishiane, hata ukurasa mmoja wenye sahihi, kwamba haki zote za mchoro zimehamia kwako baada ya malipo. Bila karatasi hiyo unaweza kupata ugumu siku ya kuomba alama ya biashara. Kama mchoro umetolewa na programu ya akili unde, mwombe mbunifu auchore upya kwa vekta na aulinganishe na alama zilizopo, maana programu hizo huchota kutoka kwenye mamilioni ya picha za wengine.

Hatua ya 8: Lebo

Kwa bidhaa ya kufungashwa, lebo ndiyo duka lako. Anza na yale ambayo sheria inayataka, kisha pamba nafasi iliyobaki. Wengi hufanya kinyume na kujikuta wakibana viambato kwenye kona. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi Tanzania Bara uko TBS, shirika la viwango, na lebo ya chakula inatakiwa kuonyesha jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi, pamoja na jina na anwani ya mzalishaji. Alama ya TBS haiwekwi mpaka umepewa leseni ya kuitumia. Acha nafasi yake tu. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako hupata ushauri na barua ya utambulisho ya kupeleka TBS.

Msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine ya keshia, huombwa GS1, shirika linalotoa namba zake, na namba za Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 37 kwa 26 hivi, na usiupunguze chini ya asilimia 80. Mistari iwe myeusi juu ya weupe. Mistari myekundu au ya chungwa inaweza kupendeza na rangi zako, lakini mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo haziioni, na keshia atairudisha pakiti.

Upande wa mbele weka vitu vitatu tu. Kwenye pakiti ya gramu 100 ya Mekoni, jina liko juu na linachukua karibu theluthi ya upana wote, likisomeka kutoka nje ya nondo za duka. Katikati kuna jina la kiungo, ILIKI au MDALASINI, kwa herufi kubwa za krimu. Chini kuna kisanduku cha njano chenye maneno "Imesagwa" na nafasi nyeupe ya kugonga tarehe kwa mhuri. Kisanduku kisiwekewe laminesheni (utando wa plastiki wa juu), la sivyo wino hautashika na tarehe itafutika mkononi mwa mteja. Hapo ahadi yote ya biashara itakuwa imefutika pamoja nayo. Viambato, anwani na msimbomilia vinakaa nyuma. Ukiongeza picha ya pilau utaonekana kama wengine wote.

Unapompelekea mchapaji, faili iwe na milimita 3 za ziada kila upande za kukatia, na usiweke maandishi karibu sana na ukingo.

Hatua ya 9: Karatasi moja ya kanuni, kisha sokoni

Kampuni kubwa zina vitabu vizima vya kanuni za chapa. Wewe tengeneza karatasi moja: nembo na nafasi tupu inayoizunguka, nembo ya rangi moja, namba za rangi, majina ya miandiko, tahajia ya jina, namna ya kuwasalimu wateja, na mambo mawili matatu yasiyoruhusiwa, kama kuivuta nembo ikawa pana au kuiweka juu ya picha yenye vurugu. Mtumie kila fundi kabla hajaanza kazi: wa bango, wa fulana, wa stika za bajaji, na binamu anayekusaidia kupost. Faili zote zikae kwenye folda moja mtandaoni ambayo wewe ndiwe mwenye nywila yake, pamoja na cheti cha BRELA na tarehe ya kuhuisha.

Lebo za kwanza chapisha mia mbili, zisizidi, hata kama bei ya moja moja inakuwa juu. Zisambaze kwenye maduka machache, kisha pakiti zikiisha rudi uwaulize wenye maduka wateja wanaziombaje. Wakisema wanataja jina, agiza zaidi. Wakisema "wanaomba ile ya kahawia", ongeza ukubwa wa jina kwenye oda inayofuata. Na kama wateja wanaiita kwa jina la mshindani, zungumza na mbunifu kuhusu rangi kabla hujachapisha elfu tano.